Mzee ananiuzia msumeno nilioutia moshi mimi mwenyewe

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni seremala, nina miaka 27. Kazi nimejifunza kwa mzee mmoja kwa miaka sita, minne nikiwa mwanafunzi na miwili nikilipwa kwa siku. Sasa macho ya mzee yamepungua nguvu, daktari amemwambia aachane na mashine, na karakana anaifunga. Wiki iliyopita aliniita pembeni akasema angependa vifaa vyake vya umeme vibaki mikononi mwangu: msumeno wa mviringo, randa, drili ya betri na chaja yake, na grinda ndogo. Bei aliyoitaja haifiki nusu ya bei ya vipya. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Mtu akisikia hivi atasema bahati imeniangukia. Shida ni huo msumeno.

Mwaka wangu wa tatu pale tulikuwa na oda ya milango. Mbao zilikuwa ngumu na bado mbichi, na meno ya msumeno yalikuwa butu. Nilijua ni butu, ila kubadilisha niliona uvivu. Nikiwa katikati ya ubao, mkato ukajibana na msumeno ukakwama. Badala ya kuachia swichi, nikakandamiza. Mota ikaguna bila kuzunguka, kisha moshi ukatoka kwenye matundu ya hewa, na ile harufu ya vanishi inayoungua ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Mzee hakuwepo, alikuwa kwa mteja akichukua vipimo.

Jioni ile nikaubeba kwa fundi wa kusuka mota, nikamlipa kwa akiba yangu na kumwomba aifiche habari hiyo. Mzee nilimwambia swichi imeharibika, nimeipeleka ikabadilishwe. Akaitikia "haya" tu. Kwa siku mbili tukapasua mbao kwa msumeno wa mkono, kisha ukarudi, kazi ikaendelea.

Miaka mitatu imepita na msumeno unakata. Lakini ukiutumia mfululizo kwenye ubao mnene unapata joto upesi kuliko zamani, na ukiachia swichi kuna mlio mwembamba hadi usimame. Wengine hawajui kwa sababu karibu kila mara mimi ndiye nilikuwa nikiutumia. Mzee akigawa kazi, msumeno huniachia mimi, mwenzangu humpa randa.

Huyo mwenzangu, ambaye tulijifunza naye pamoja, amesema nikikataa atachukua vyote bila hata kuvijaribu, maana "vya mzee havina shaka". Dada yangu ndiye aliyenikopesha hela. Yeye ananiambia rahisi ghali, ninunue vipya vyenye garantii. Hela hiyo inatosha vipya viwili tu.

Vifaa vingine navyo si vizima kabisa. Drili ina betri mbili, moja inakaa na chaji, nyingine inaisha ukishapiga skrubu chache. Grinda haina gadi, kile kifuniko cha kukinga diski, tuliitoa zamani ili iingie diski kubwa zaidi. Ningependa kuvikagua vizuri kimoja kimoja, lakini nitaanzaje kunusanusa mashine mbele ya mtu aliyenifundisha kushika nyundo? Ataona simwamini.

Nikinunua kimya, nitakuwa nanunua uongo wangu kwa hela ya dada. Nikikataa, mwenzangu atauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nimelifunga mimi. Nikisema, mzee anamaliza kazi yake akijua mwanafunzi wake alimdanganya. Nifanye nini?

Mwenye Moshi Moyoni

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua za vifaa vya mitumba huwa nazipata, na karibu zote zinamlalamikia muuzaji: alipaka rangi mpya juu ya kutu, alifuta namba ya mashine, aliwasha sekunde tano akazima. Yako imenifanya niweke miwani chini. Kwako anayeijua kasoro ni mnunuzi, na muuzaji, kwa unavyoamini wewe, hajui kitu.

Najua wapo watakaokutupia methali ya mficha uchi hazai, wakafunga mjadala. Mimi siuoni wepesi huo. Umeniletea maswali matatu yaliyofungwa kamba moja: kama msumeno ule bado ni chombo cha kununua, kama ukweli wako una deni kwa mzee, na kama una deni jingine kwa mwenzako. Tuyafungue, maana jibu la moja si lazima liwe jibu la mengine.

Nianze na mashine, kwa kuwa hapo naona umejihukumu zaidi ya ushahidi ulio nao. Kilichotokea siku ile kinaeleweka. Mota ya namna hiyo inapozunguka, yenyewe huzalisha volti inayopingana na ile inayotoka ukutani, na upinzani huo ndio unaozuia umeme usiingie kupita kiasi. Ikikwama huku kidole kiko kwenye swichi, upinzani unatoweka, mkondo unapanda mara kadhaa, na feni ya kupoza, ambayo imekaa kwenye ekseli hiyohiyo, imesimama nayo. Vanishi inayotenganisha waya na waya ikaungua. Ndiyo harufu yako.

Lakini mota iliyosukwa upya si lazima iwe mota mbovu. Fundi akitumia waya wa unene uleule, mizunguko ileile, akailoweka vanishi na kuikausha kwa joto inavyotakiwa, inaweza kufanya kazi miaka mingi. Akitumia waya mwembamba kwa sababu ndio uliokuwepo siku hiyo, itakuwa inapata joto. Asipoisawazisha ile sehemu inayozunguka, amecha, itatikisika, na mota nyingi za vifaa vya mkononi huzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika kabla gia hazijapunguza kasi. Mtikisiko mdogo kwa kasi hiyo unakula beringi. Kwa hiyo mlio wako mwembamba wakati msumeno unasimama huenda ni beringi, ambayo si ghali kubadilisha. Na joto? Linaweza kutokana na ule usukaji. Linaweza pia kutokana na unga wa mbao uliojaa kwenye matundu ya hewa, kaboni zilizoisha (vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye amecha), au meno butu ambayo, samahani, tayari tunajua uliwahi kuyavumilia. Miaka mitatu ya kukata milango ni majaribio marefu kuliko ambayo mnunuzi yeyote wa mitumba hupata nafasi ya kuyafanya.

Sisemi ni mzima. Nasema hujui, na kutokujua huko kunaondoka kwa mchana mmoja wa kazi. Msumeno usiwashwe hewani na kusifiwa. Upewe ubao mnene ukate dakika kumi, kwa meno makali, maana mota yenye kasoro hujificha pasipo mzigo. Chungulia matundu yaliyo karibu na kaboni: cheche ndogo za bluu ni kawaida, ila moto wa rangi ya chungwa unaozunguka kama pete unaonyesha kuna jambo kwenye komuteta, ile shaba ya amecha inayosuguliwa na kaboni, au kwenye waya. Chomoa umeme, shika ekseli uitikise, kama inacheza utaisikia mkononi. Vuta gadi ya chini na uiachie, irudi yenyewe kwa kasi. Isiporudi, ukiuweka msumeno chini utaendelea kula chochote kilicho jirani.

Kuna jambo moja ambalo kwa mota iliyofunguliwa nje ya kiwanda singelipuuza. Tazama kibandiko cha jina. Ukiona mraba mdogo ndani ya mraba, maana yake mashine ina insulesheni mbili, yaani tabaka mbili za kuzuia umeme usikufikie, na haina waya wa ethi wa kuupeleka ardhini. Usalama wako wote umo kwenye ile insulesheni, na mota ilishafunguliwa na kusukwa upya. Fundi umeme mwenye kipimo cha usugu wa insulesheni, kile kinachopima kwa volti 500, anaweza kukuambia kwa dakika chache kama umeme unavujia kwenye mwili wa mashine. Hilo, mpwa wangu, ni kubwa kuliko joto na mlio.

Grinda nayo umeitaja kwa nusu sentensi, kana kwamba gadi ni pambo. Diski ya kukatia ya milimita 125 huandikwa kasi ya juu kama mizunguko 12,200 kwa dakika, na ya milimita 230 huandikwa takriban 6,600. Zote mbili kwa kasi hizo ukingo wake unakwenda mita 80 kwa sekunde, karibu kilomita 290 kwa saa. Grinda ndogo nyingi huzunguka mizunguko kama 11,000. Ukiivalisha diski ya 230, ukingo unafika mita 130 kwa sekunde, na diski haikutengenezwa kubeba hayo. Ikipasuka hakuna gadi ya kuzuia vipande. Ukiinunua, hesabu na bei ya gadi yake halisi, na usahau kwamba diski kubwa iliwahi kuingia. Hapa siko kwenye ushauri wa pande mbili.

Drili ni hesabu tu. Betri ya lithiamu ya volti 18 huwa na seli tano, au makundi matano ya seli, yaliyofuatana. Seli moja ikichoka, zote zinaonekana zimechoka. Kipimo kinaweza kusoma volti 20 betri ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka ukigusa swichi. Kabla hujakubali bei, uliza kama betri za aina hiyo bado zinauzwa, kwa kuwa betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye drili ya kampuni nyingine, na betri mpya inaweza kumeza nafuu yote uliyopewa. Randa hukuisema kitu, nami nadhani ndiyo kifaa kizima kuliko vyote. Visu na mkanda, basi.

Sasa tuingie kwenye moshi wenyewe.

Umesema mzee hajui. Niruhusu nikuulize, unajuaje? Mtu aliyefanya kazi na mashine hiyo kwa miaka anaujua mlio wake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Ulimwambia swichi. Swichi hubadilishwa kwa nusu saa; msumeno ulipotea siku mbili, yeye akapasua mbao kwa mkono na kusema "haya". Harufu ya vanishi iliyoungua haitoki karakanani kwa jioni moja. Na tangu hapo, umeandika mwenyewe bila kukusudia, msumeno huo amekuwa akikuachia wewe na mwenzako humpa randa. Inaweza kuwa ni mazoea ya kugawa kazi tu. Inaweza pia kuwa mtu mzima aliyeona, akapima, akanyamaza, na akaamua kwamba aliyeuumiza ndiye atakayeutunza. Siwezi kukuhakikishia. Lakini hofu yako yote imesimama juu ya nguzo hii kwamba hajui, na mimi nguzo hiyo naiona inayumba.

Kama anajua, ukimya wako leo una maana tofauti kabisa na ile unayoifikiria: utakuwa umekaa mbele ya mtu anayesubiri. Kama hajui, unayo sababu ya kuogopa, na sitaidharau. Anaachia kazi yake yote kwa ajili ya macho. Habari ya namna hiyo siku hizi inaweza kumuuma zaidi kuliko ingemuuma miaka mitatu iliyopita, na wapo wazee ambao wangependelea wasiambiwe. Wewe unamfahamu, mimi simfahamu.

Kuna njia ambayo wengi wangeichagua: kununua vyote, kunyamaza, na kuurekebisha msumeno taratibu. Hasara ya fedha ingekuwa yako peke yako, mwenzako angekuwa salama, mzee angepumzika. Nimejaribu kuuona ubaya wake nikashindwa kuukamata mara moja. Nilipoisoma barua yako tena nikaona jina ulilojipa. Mtu anayejiita hivyo baada ya miaka mitatu sijui kama atapona kwa kulipia kimya, tena kwa hela ya dada ambaye hajui sehemu hii ya hadithi. Au umemwambia? Hukuandika. Yeye anabeba hatari ya mkopo bila kujua kitu ambacho wewe unakijua, na hapo yeye na mzee wanafanana kuliko unavyopenda.

Njia nyingine ni kuchukua baadhi: randa na drili, kwa mfano, na hela inayobaki iwe sehemu ya msumeno mpya. Ni busara kwa mfuko. Ila msumeno utabaki mezani na mwenzako amesimama pale, tayari kuuchukua bila kuujaribu. Ukimwonya yeye bila kumwambia mzee, umehamisha siri kutoka kichwa kimoja kwenda viwili, na ya watu wawili hutembea. Mzee akiisikia kwa kona hiyo, sidhani itakuwa nyepesi kuliko akiisikia kwako.

Ukifuata la dada, vipya viwili vyenye garantii, hutakuwa na randa wala grinda kwa muda, na kazi zinazozihitaji utazikodishia au utazikosa. Hilo linavumilika. Linaacha tu swali la mwenzako palepale lilipo.

Na kama utaona ukimbilie msumeno mwingine uliotumika, kwa mtu usiyemjua, ujue unabadilisha kasoro unayoifahamu kwa usiyoifahamu. Soma kibandiko kwanza. Mashine za maeneo ya ujenzi Uingereza nyingi ni za volti 110, za Marekani ni 120, za Japani 100, na huuzwa kwingine zikiwa safi zinang'aa. Ukizichomeka kwenye volti 230 moshi wake utaufanya wako uonekane wa ubani. Namba ya mashine ikiwa imekwaruzwa, weka chini uondoke, kwa sababu huenda kuna fundi mwenzio mahali fulani anaitafuta. Mimi niliwahi kununua grinda iliyopakwa rangi vizuri sana. Nilipoifungua nikakuta ndani ni ya rangi nyingine. Iliishi siku nne.

Kuhusu kuona aibu kukagua mbele ya mzee, sijui kwa nini umeichukulia kama dharau. Alipokufundisha kuchagua ubao, hakukufundisha kuugonga, kuutazama kwa urefu, kutafuta ufa kwenye ncha? Unaweza kumwambia, "Mzee, kabla hatujaongea bei naomba tuvipitie pamoja, unielekeze kila kimoja kina tabia gani." Kwa mtu anayeachana na kazi kwa sababu ya macho, kuombwa asikilize mashine zake kwa masikio huenda kukawa ni heshima. Yeye atasikia ambayo wewe huyasikii. Na mkifika kwenye msumeno, mlio ule utatoka wenyewe, wewe ukiwa umesimama hapo, na nafasi ya kusema itakuwa imefunguka bila kuilazimisha. Ukiitumia au usiitumie, hilo ni lako.

Ukisema, unaweza kusema kidogo: kwamba mwaka ule haikuwa swichi, na kwamba gharama uliilipa wewe. Yaliyobaki atayauliza akitaka. Anaweza kukasirika, akapandisha bei, akashusha, akaondoa msumeno kwenye mauzo, au akacheka. Jiandae kwa yote, hasa kucheka, maana hicho nahisi ndicho usichokiwazia.

Mwisho wa mwezi haujafika. Nenda asubuhi, masikio yakiwa hayajachoka na kelele za mtaa. Beba meno mapya ya msumeno, jozi moja ya kaboni, na ubao mmoja mnene uliokauka. Ukishauwasha, usichungulie cheche tu. Mtazame na yeye usoni msumeno unapolia.